Kisu cha Kazi Ngumu Mahali Penye Chumvi

Watu wanaofanya kazi kando ya bahari hununua visu vingi kuliko wanavyopaswa kununua. Hawanunui kwa sababu vya zamani vimekuwa butu, maana makali hurudishwa kwa kinoo. Hununua kwa sababu kimoja kimeliwa na kutu ndani ya mpini kikachomoka, cha pili kimekatika ncha kikibandua chaza mwambani, na cha tatu kimeteleza mkononi kikazama. Mvuvi, mchuuzi wa samaki, mkulima wa mwani, fundi wa mashua, mchinjaji wa mbuzi na kijana anayewapeleka wageni kuzamia, wote wanaijua hasara hiyo. Bei ya kisu kimoja duni si kubwa. Ukijumlisha bei ya vitano, ungekwisha kununua kimoja kizuri na chenji ikabaki.

Makala haya yanahusu kisu kisichokunjwa, yaani ubapa mmoja uliokaa imara kwenye mpini na unaotiwa ndani ya ala. Kisu cha kukunja kina faida yake mfukoni, lakini kwenye maji ya chumvi kiungo chake hujaa mchanga na magamba, springi yake hushika kutu, na siku unapokihitaji kwa haraka hakifunguki. Kwa kazi ngumu, chukua kisicho na kiungo.

Kabla ya kufika dukani, jiulize kitu kimoja: ni nini hasa kinachokiua kisu chako? Ni chumvi, ni kishindo, ni mkono wako mwenyewe, au ni huyo anayekinoa? Ukijibu kwa ukweli, nusu ya uchaguzi umeshaifanya.

Anza na kazi

Orodhesha unavyovikata wiki nzima: kamba ya nailoni, nyavu, taitai za kufungia mwani, ngozi ya papa, nyama ya mbuzi, samaki wa kupasua kwa ajili ya ng'onda, bomba la plastiki, vijiti vya kuwashia moto. Kisha orodhesha yale unayoyafanya kwa kisu ingawa si kazi yake: kufungulia kopo la rangi, kuchokonoa pweza shimoni, kugongea msumari kwa mgongo wake, kufulia nazi. Orodha hii ya pili ndiyo inayovunja visu, na hakuna chuma duniani kitakachoivumilia kwa muda mrefu.

Wazee wetu walijua kugawa kazi. Nazi ilifuliwa kwa kifuo. Mgema alipanda mnazi na kotama yake. Kuni zilipasuliwa kwa shoka, vichaka vikafyekwa kwa panga, na ubao ukachongwa kwa tezo na patasi. Kisu kiliachiwa kukata. Ukinunua kisu kizito chenye unene wa milimita sita ili kikuondolee haja ya shoka, utapata shoka dhaifu na kisu kisichopenya nyama, tena kwa bei ya vyote viwili.

Sifa tatu zinazogombana

Chuma cha kisu hupimwa kwa mambo matatu. La kwanza ni ugumu, ambao huyafanya makali yakae bila kulala wala kulika. La pili ni ustahimilivu, yaani kupokea kishindo au kupindwa bila kuvunjika. La tatu ni kukataa kutu. Hakuna chuma kinachoongoza katika yote matatu, na muuzaji anayekuambia chake kinaongoza anakuuzia maneno. Chuma kikikomazwa mno huwa chepesi kumeguka. Kikitiwa kaboni nyingi ili kishike makali, kaboni hiyo hujifunga na kromiamu iliyomo, na kromiamu iliyofungwa haizuii kutu tena.

Ugomvi huu ni wa tangu mwanzo. Mwaka 1913, Harry Brearley, mtaalamu wa vyuma wa mji wa Sheffield nchini Uingereza, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika haraka. Akapata mchanganyiko wenye kromiamu karibu asilimia 13 ambao tindikali za maabara zilishindwa kuula. Sheffield ulikuwa mji wa wafua visu, kwa hiyo haikumchukua muda kuona faida yake mezani. Lakini visu vya kwanza vya chuma hicho havikushika makali, na watu wakamtania Brearley kuwa ndiye mvumbuzi wa visu visivyokata. Tangu wakati huo viwanda vimejifunza kupunguza ugomvi huo kwa kupima vizuri mchanganyiko na moto, ila havijaumaliza.

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, ambacho kwenye boksi la kisu huandikwa HRC. Visu vya nyama vya Victorinox, kampuni ya Uswisi iliyoanza mwaka 1884, vina HRC 55 hadi 56. Visu vya kazi vya chuma cha pua vya Morakniv wa Sweden viko kati ya 56 na 58. Visu vingi vya jikoni vya Kijapani hufika 60 na kuendelea. Kwa kazi ngumu ya pwani, tafuta kisu kilicho kati ya 55 na 59. Chini ya hapo makali hulala baada ya samaki wachache. Juu ya hapo makali humeguka yakigonga mfupa, na kinoo cha kawaida cha dukani kitakuchosha mkono kabla hakijayarudisha.

Jinsi chumvi inavyokula chuma

Kromiamu iliyo ndani ya chuma cha pua hushikana na oksijeni ya hewa na kufanya utando mwembamba usioonekana kwa jicho. Utando huo ndio ngao. Ukikwaruzwa hujijenga upya wenyewe, mradi hewa ipo. Chuma huanza kuhesabiwa kuwa cha pua kikifikia kromiamu asilimia 10.5, na visu vingi vizuri huwa na 13 hadi 15.

Adui wa utando huu ni kloridi iliyomo katika chumvi. Lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi. Kloridi hutoboa utando mahali padogo sana, na hapo kutu huchimba kwenda ndani badala ya kutambaa juu. Ndiyo sababu kisu kinaweza kung'aa chote huku kina vitobo vyeusi vya ukubwa wa ncha ya sindano. Mambo huwa mabaya zaidi mahali ambapo hewa haifiki: ndani ya ala iliyolowa, chini ya magamba yaliyokauka, na pale ubapa unapoingia kwenye mpini.

Kutokana na hayo, zingatia mambo matatu unapochagua. Ubapa uliosuguliwa ukawa laini hupinga kutu kuliko ulioachwa na uso wa kukwaruza kama msasa, kwa kuwa mikwaruzo hutunza maji na chumvi. Rangi nyeusi inayopakwa kwenye visu vya mtindo wa kijeshi hulinda ubavu tu. Makali hayana rangi, na makali ndipo kutu inapoanza kuleta hasara. Na kutu hiyo hubutua kisu hata kisipotumika, kwa sababu ncha nyembamba ya makali huliwa kabla jicho halijaona doa.

Jina la chuma lina maana

Muhuri wa "Stainless Steel" peke yake haukuambii kitu. Mtengenezaji anayejiamini huchonga jina la chuma chenyewe kwenye ubapa au huliandika kwenye boksi. Majina hayo ni mengi, lakini yanaingia katika makundi machache.

Kundi la kwanza ni vyuma laini vya pua kama 420 na 3Cr13. Utavikuta kwenye visu vingi vya bei nafuu na vya wazamiaji. Hupambana na kutu vizuri na havivunjiki kirahisi, lakini utavinoa kila mara. Kwa kisu cha akiba cha kukatia kamba chomboni, vinatosha.

Kundi la pili ndilo ninalolipendekeza kwa wasomaji wengi. Humo kuna 1.4116, ambacho pia huandikwa X50CrMoV15, chenye kaboni nusu asilimia, kromiamu asilimia 15 hivi, na molibdenamu kidogo inayosaidia kuzuia vitobo. Kuna 12C27 cha Sweden, chenye kaboni 0.6 na kromiamu 13.5. Kuna 14C28N, ndugu yake, kilichoongezewa nitrojeni kidogo ili kiwe kigumu bila kupoteza kinga ya kutu. Na kuna 420HC, ambacho kinazidi 420 cha kawaida kwa kaboni. Vyuma hivi vinavumilia kishindo, vinanoleka kwa jiwe la kawaida, na chumvi inavipata tu ukivitelekeza.

Kundi la tatu ni vyuma vyenye kaboni nyingi. 440C kina kaboni karibu asilimia moja na kromiamu 17. Ni kizuri, ila kukinoa kunataka subira. D2 kinauzwa sana siku hizi kwenye visu vya kutoka China. Kina kromiamu asilimia 12 kwa hesabu, lakini kaboni yake ni moja na nusu, kwa hiyo sehemu kubwa ya kromiamu hiyo imefungwa. Bara kwenye ukavu ni chuma hodari. Baharini kitakuaibisha.

Kundi la nne ni vyuma ambamo nitrojeni imechukua nafasi kubwa ya kaboni, kama H1 cha Japani na LC200N. Kampuni ya Marekani ya Spyderco imevitumia kwenye visu vyake vinavyoitwa Salt. Hivi ndivyo vinavyokaribia kabisa kutoshika kutu. Bei yake ni ya juu, na ndugu aliyeko Dubai, Muscat au Ulaya atavipata kwa urahisi kuliko wewe uliyeko Tanga au Malindi. Mtu anayeshinda majini kila siku akiweza kuvilipia, hatajuta.

Visu vya keramiki na titani pia havishiki kutu. Cha keramiki hupasuka kikianguka kwenye saruji, na cha titani hakishiki makali. Viache.

Imani ya sumaku

Sokoni wengi huamini kwamba chuma cha pua cha kweli hakishikwi na sumaku. Kwa kijiko na sinki ya jikoni, mara nyingi ni kweli. Vitu hivyo hutengenezwa kwa chuma chenye kromiamu asilimia 18 na nikeli 8, ambacho sumaku haikivuti na moto haukikomazi. Kwa kisu, mambo ni kinyume. Chuma cha pua kinachoweza kukomazwa, yaani kuchomwa kikazimishwa hadi kikawa kigumu, huvutwa na sumaku. Ukiondoa vichache vya chuma maalumu, kisu cha bei nafuu ambacho sumaku inakikataa kabisa kimetengenezwa kwa chuma cha vijiko, na makali yake yatalala siku ya kwanza. Kwa hiyo muuzaji akitoa sumaku ili kukuthibitishia kisu chake hakivutwi, mshukuru na usogee duka linalofuata.

Unene, urefu na ncha

Unene hupimwa mgongoni, juu ya makali. Kisu cha minofu na kamba kinatosha kuwa na milimita 2 hadi 2.5. Kisu cha kazi mchanganyiko, ikiwamo kupasua vijiti na kukata viungo vya mbuzi, kiwe na 3 hadi 4. Unene pekee hauleti nguvu. Angalia pia jinsi ubapa unavyopungua kutoka mgongoni hadi kwenye makali: ukipungua taratibu, kisu hupenya, ukibaki mnene hadi karibu na makali, kisu hupasua badala ya kukata, nao mkono wako ndio unaolipa.

Kwa urefu, ubapa wa sentimita 10 hadi 13 hufanya karibu kila kitu. Mchinjaji na mchuuzi wa samaki wakubwa kama jodari watahitaji 15 hadi 20. Kwa mvuvi wa nyavu kirefu ni balaa, kwani hukwama kwenye matundu ya wavu na humchoma jirani chombo kinapoyumba.

Ncha nayo ifuate kazi. Ncha nyembamba hutoboa vizuri na hukatika vizuri. Kisu cha kukaa chomboni kiwe na ncha butu au iliyoshushwa, ambayo mabaharia tangu zama za matanga wameipenda kwa usalama. Anayechuna ngozi na kutoa matumbo anahitaji ncha, lakini ianzie kwenye ubapa wenye unene wa kutosha.

Meno kwenye makali hukata kamba ya nailoni iliyolowa haraka kuliko makali laini. Ubaya wake ni kwamba kinoo cha kawaida hakiyafikii. Ninashauri makali laini kwa kisu cha kila siku, na meno kwa kisu cha dharura kinachokaa tayari chomboni, ambacho huguswa tu kamba inapomnasa mtu.

Msuka na mpini

Msuka ni ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini, na ndipo visu vingi hufia kwa siri. Ukiwa mfupi na mwembamba, kisu hukatikia hapo siku unapokilazimisha upande. Ukienda hadi mwisho wa mpini kwa upana wote, unaweza kukielemea kwa uzito wa mwili. Kwa kukata tu, msuka wa robo tatu uliozibwa vizuri ndani ya plastiki unafaa. Visu vya nyama vyenye mpini mweupe wa plastiki, kama vile vya Tramontina wa Brazili au vya Victorinox, vimejengwa kwa namna hiyo na vinahudumia mabucha kwa miaka. Ukitaka cha kuelemea, tafuta chenye msuka kamili. Morakniv, kwa mfano, wanatengeneza kiitwacho Companion, chembamba cha milimita 2.5 na kisicho na msuka kamili, na kingine kiitwacho Garberg chenye unene wa milimita 3.2 na msuka unaofika mwisho. Cha kwanza ni cha kukata, cha pili cha kuteswa.

Mpini wa mbao hupendeza, lakini mbao hunywa maji, huvimba, hukauka, hupasuka, na katika ufa huo chumvi hukaa juu ya msuka bila wewe kujua. Kwa pwani, chukua plastiki ngumu au mpira. Angalia kama kuna kikingio kidogo mbele kinachozuia kidole kisiteleze kwenye makali, kwa sababu ute wa samaki ni mtelezi kuliko sabuni. Rangi ya machungwa au ya njano huonekana mchangani na chini ya maji ya kina kifupi. Nyeusi na kijani hupotea. Tundu mwishoni mwa mpini ni la kamba ya kukifungia kisizame, lakini usiifunge kwenye kifundo cha mkono unapotega nyavu: wavu ukivuta kisu, utakuvuta na wewe.

Ala

Ala ya ngozi ni nzuri bara. Baharini hunywa maji ya chumvi, hukaa nayo, na kukikumbatia kisu humo usiku kucha. Hata chuma cha pua hutoboka ndani yake. Chagua ala ya plastiki yenye tundu chini la kutolea maji, inayokamata kisu hata ukiigeuza juu chini.

Kama kisu hakikuja na ala nzuri, fundi anaweza kukutengenezea kwa kipande cha bomba la PVC. Bomba hupashwa moto hadi lilegee, likabanwa juu ya ubapa uliofungwa karatasi nene, likaachwa lipoe, kisha likatobolewa chini. Kazi hiyo ifanyike nje penye upepo, na plastiki isiachwe iungue, kwani moshi wake ni hatari kwa mapafu.

Kisu cha mhunzi

Gerezani jijini Dar es Salaam, Kamukunji jijini Nairobi, na miji mingine mingi, mafundi hufua visu na mapanga kutokana na springi za magari. Usidharau kazi hiyo. Chuma cha springi kina kaboni karibu asilimia 0.6 na kimekusudiwa kupindwa mara maelfu bila kuvunjika. Kwa ustahimilivu, kisu kilichofuliwa vizuri kutokana nacho kinaweza kukipita kisu cha pua cha bei mara kumi. Kinanoleka upesi, na fundi atakufanyia umbo unalolitaka.

Udhaifu wake ni mmoja: hakina kinga ya kutu. Kikiguswa na ndimu, ukwaju au damu hugeuka kijivu, kisha cheusi. Weusi huo si mbaya, kwa sababu hupunguza kasi ya kutu nyekundu, lakini hauzuii chumvi. Mkulima, mfugaji na mchinjaji wa bara hana haja ya kutafuta zaidi ya hapo. Mtu wa pwani akipende kwa kazi za nchi kavu, na akubali kukifuta na kukipaka mafuta kila siku.

Unapomwagiza fundi, muulize jinsi anavyokomaza. Anayezimisha ubapa na kisha kuurudishia moto kidogo ili upunguze wepesi wa kuvunjika anajua kazi yake. Anayezimisha kwenye maji na kukukabidhi papo hapo, kisu chake kinaweza kukatika kama chupa.

Dukani

Shika kisu kwa mkono uliolowa. Kikiteleza dukani, kitateleza zaidi chomboni. Kitazame kutoka upande wa mpini kwenda nchani, makali juu, jicho moja likiwa limefumbwa: mstari uwe umenyooka. Kitikise mpini karibu na sikio. Mlio wowote wa kulegea unamaanisha msuka haukukaa. Pitisha ukucha pale ubapa unapokutana na mpini. Ukipata mwanya, maji ya chumvi yataupata pia. Tazama maandishi: jina lililopakwa wino linalofutika kwa kidole ni dalili ya bandia.

Nyumbani, kabla hujakiamini, kisugue sehemu ya ubavu kwa kipande cha ndimu na chumvi, ukiache usiku mmoja. Asubuhi, madoa ya hudhurungi yanayofutika kwa kitambaa si tatizo. Vitobo vyeusi vinavyobaki ni taarifa kwamba hicho kisu ni cha jikoni pakavu. Kisha kata kadibodi ya boksi moja zima, ukitazama kama makali bado yanakata karatasi ya gazeti.

Kunoa na kutunza

Kinolewacho hupata, wahenga walisema, na kisu cha pwani ni heri kinolewe kidogo kila jioni kuliko sana mara moja kwa mwezi. Kwa kazi ngumu, makali yanataka pembe ya nyuzi 20 hadi 25 kila upande. Huhitaji chombo cha kupimia: chukua karatasi yenye kona ya mraba, ikunje kona hiyo katikati upate nyuzi 45, ikunje tena upate 22 na nusu. Isimamishe juu ya kinoo, ulaze kisu kwenye mwinamo wake, na mkono utazoea.

Jihadhari na gurudumu la kunolea. Kisu hukomazwa na kisha kurudishiwa moto usio mkali, na gurudumu kavu huweza kuyachoma makali kupita kiwango hicho ndani ya sekunde chache. Ukiona rangi ya buluu kwenye makali, hapo ugumu umekwenda na haurudi mpaka sehemu hiyo isagwe yote. Mnoaji akichovya ubapa majini kila baada ya mapito machache, mwachie. Asipochovya, omba kisu chako. Kwa sababu hiyohiyo, usikichome kisu kizuri motoni ili kuyeyushia ncha za kamba ya nailoni. Tenga kisu kikuukuu kwa kazi hiyo.

Matunzo ya kila siku ni mafupi. Kisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, pamoja na ndani ya ala. Kifute, kiache nje ya ala mpaka vyote vikauke. Paka mafuta ya nazi kidogo sana kwa kitambaa. Hayana madhara kwa chakula na yapo kila nyumba. Mafuta ya alizeti huganda yakawa gundi, na ya cherehani si ya kugusa chakula. Usikisugue kwa waya wa chuma wa kusugulia masufuria, kwa kuwa huacha chembe zinazoshika kutu juu ya ubapa. Usikiloweke kwenye jiki: klorini iliyomo hutoboa chuma cha pua kwa namna ileile ya chumvi, tena kwa haraka. Kutu changa iondoe kwa majivu laini na maji, ukisugua kufuata urefu wa ubapa.

Neno kuhusu sheria: kisu cha kazi kikae na vifaa vya kazi. Ukiwa ndani ya daladala au matatu, kiweke ndani ya ala, ndani ya mfuko, pamoja na mishipi au aproni yako. Kukining'iniza kiunoni mjini bila sababu ya kazi ni kujitafutia maswali ya polisi. Kwenye ndege, kiwe kwenye mzigo unaokabidhiwa, kamwe si mkononi.

Uamuzi wangu

Mvuvi na mkulima wa mwani: ubapa wa sentimita 10, milimita 2.5 hadi 3, chuma cha 12C27, 14C28N au 1.4116, mpini wa plastiki wa rangi kali, ala yenye tundu. Mchuuzi na mchinjaji: kisu cha bucha cha sentimita 15, mpini mweupe wa plastiki, kutoka kiwanda kinachojulikana. Nahodha na mzamiaji: kifupi chenye ncha butu na meno, cha H1 au LC200N kama mfuko unaruhusu, cha 420 kama hauruhusu. Mkulima wa bara: nenda kwa mhunzi.

Na fedha ikiwa haitoshi kununua kisu kizuri na kinoo kizuri, punguza kwenye kisu. Kisu cha wastani mkononi mwa mtu anayekisuuza na kukinoa kila jioni kitaishi kuliko cha ghali kinacholala na chumvi ndani ya ala.